Ghorofa la Misumari

Leo asubuhi mke wangu ameweka msumari kando ya kikombe changu akasema, "Ukunje huo kabla chai haijapoa, halafu uniletee nione." Akaenda zake kwenye cherehani. Mimi nikabaki nautazama ule msumari kama bwana harusi anayetazama picha yake mwenyewe.

Mtanicheka, lakini ngojeni. Juma lililopita, kutoka kiti hikihiki nilichokalia, nilikuwa natazama sanduku langu la nguo limesimama mlangoni. Limefungwa. Na nguo zilizomo ndani zimepigwa pasi. Hapo kwenye pasi ndipo paliponikata maini. Mwanamke mwenye hasira za kawaida hukurushia nguo dirishani, na kesho yake anaziokota. Anayekupigia pasi kwanza, huyo amekwisha kuamua.

Hapa mtaani naitwa Mzee Chumvi, na si kwa sababu ya mapishi. Nilifanya kazi kwenye mizani ya malori mpaka nikastaafu, na mtu anayekaa kibandani kutwa kungojea malori ana njia mbili: asinzie au atunge. Mimi si mtu wa kusinzia. Ni mimi niliyepima lori lililojaa manyoya ya kuku likawa jepesi kuliko lilipokuwa tupu. Ni mimi niliyemsaidia dereva aliyezidisha ng'ombe. Nikawaambia ng'ombe wabane pumzi wakati wa kupita juu ya mizani, wakabana, wakapita. Hadithi zangu zimenipatia chai nyingi za bure, na sijawahi kumgharimu mtu kitu. Uongo hauna bei. Ukweli ndio wenye bei, na mimi nimeujua ukubwani.

Mambo yalianzia kwa kinyozi. Kinyozi wangu ana simu yenye kioo kilichopasuka, na anapokunyoa lazima akuonyeshe kitu. Siku hiyo alinionyesha mzee mmoja mwenye mvi kunizidi, ameshika msumari mrefu, amezizungushia ncha zake vitambaa, akaukamia, akaukunja mpaka ncha zikabusiana.

"Huo ni ujanja wa kamera," kinyozi akasema.

"Ujanja wapi?" nikamjibu. "Mimi enzi zangu pale mizani nilikuwa nakunja nondo, napata ndoano ya kutundikia koti."

Kinyozi akazima mashine. Nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado msitu. Akavuta droo, akatoa msumari wa inchi sita, akanipa kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Haya, Mzee Chumvi. Koti langu halina pa kutundikwa."

Niliukamia ule msumari mpaka masikio yakalia filimbi. Ulibaki kama ulivyotoka kiwandani. Kilichopinda ni mimi. Mteja aliyekuwa akisubiri alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Kinyozi alimalizia nusu ya pili huku mkono unamtetemeka kwa kicheko, ndiyo maana kipindi kile nilikuwa sivui kofia.

Mtu mwingine angesahau. Mimi nilirudi nyumbani na viganja vimechubuka, nikajiambia: mzee, kwa nini uongo wote uliowahi kusema umeuacha yatima? Huu mmoja ufuate kwa nyuma mpaka uufikie.

Basi nikaanza, kwa siri, kwenye stoo ya nyuma ya nyumba. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele, na mashine yake ikikolea mwendo huwezi kusikia mzee anayeguna stoo. Nilitaka siku moja nimkunjie chuma mbele ya watu, ashangae. Na pia, nisifiche, nilijua akijua mapema ataniuliza bei.

Nisikilizeni hapa, kama kuna mstaafu mwenzangu anautamani mchezo huu. Mnyanyua vyuma ananunua chuma chake mara moja. Anakinyanyua leo, kesho anakikuta palepale, hakijapungua. Mkunja misumari anakula mtaji. Msumari ukishakunjwa umekwisha. Ukiunyoosha kwa nyundo ili uukunje tena, unakatikia palepale na unaweza kukuchana mkono. Mimi nilijaribu kubana matumizi hivyo, nikabana na kidonda. Kwa hiyo kila siku ni misumari mipya. Unaanza na myembamba. Ukiizoea haikufundishi tena, unapanda mnene, na bei inapanda na wewe. Kuna vipande vya nondo. Kuna vitambaa vizito vya kuzungushia ncha, maana ukishika msumari mkavu unakutoboa kiganja, na vitambaa vyenyewe vinachanika. Kuna chaki ya kukausha jasho. Kuna dawa ya kuchua mabega, ile inayonuka mpaka kwa jirani. Pensheni yangu ilianza kukonda kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Nikabuni njia za kupunguza makali. Vitambaa nikavichota kwenye kapu la mke wangu la mabaki ya jinzi. Chaki nikachukua yake ya kuchorea nguo. Misumari iliyokunjika nikawa namuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni; alinilipa pesa ya kununulia kiberiti, lakini kiberiti nacho ni kitu. Ikabaki misumari yenyewe.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni bwana mnene mwenye penseli sikioni, na ana bei mbili. Niligundua siku niliyoomba misumari kumi akanitajia bei ya mmoja mmoja, nikakaribia kushika ukuta.

"Mbona yule fundi umempimia kwa kilo, kwa bei ya kutupa?"

"Yule anajenga, mzee wangu. Anayejenga ana bei yake. Wewe unatundika kalenda."

"Nani amekwambia natundika kalenda? Najenga."

"Unajenga! Tangu lini?"

"Msingi umeshatoka," nikasema. Naapa sikuutuma mdomo, ulikwenda wenyewe.

Akanipimia kwa kilo. Na ile nyumba ikaanza kukua. Kila nikirudi anauliza imefika wapi, na huwezi kumwambia mtu anayekupunguzia bei kwamba ujenzi umesimama. Ikapandishwa ukuta. Ikaezekwa upande mmoja. Nilipotaka vipande vifupi vya nondo akashangaa, kijumba cha chini kinataka nondo za nini?

"Kijumba? Ghorofa, bwana! Hizo ni za ngazi ya kuzunguka."

"Ngazi ya kuzunguka!" Akatoa penseli sikioni, sijui kwa nini. "Na juu?"

"Juu kuna veranda. Inatazama mashariki."

"Mama lazima ana furaha."

Nikaweka kidole mdomoni. "Hajui. Ni siri." Halafu nikamkonyeza.

Nilikuwa na maana kwamba asipayuke. Yeye akaelewa alichoelewa. Akacheka mpaka tumbo likagonga meza, akanipiga bega, "Mzee, bado umo!" akaniongezea konzi nzima ya misumari bure. Nikatoka pale nikijiona mjanja kuliko sungura. Konzi ile baadaye ilinitokea puani.

Kwa sababu mke wangu, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga duka lile, alikwenda kununua plagi ya pasi yake. Akamkuta mwenye duka anawahubiria mafundi: "Wazee wa siku hizi msiwachezee. Kuna huyu wa mizani, Mzee Chumvi. Anamjengea kimada ghorofa. Ngazi ya kuzunguka! Na mke wake nyumbani hana habari."

Mke wangu akalipia plagi. Akauliza kwa upole, "Lina veranda?"

"Linayo, mama. Inatazama mashariki."

"Asante, mwanangu."

Akarudi nyumbani, akakaa, akapanga mambo. Misumari: ujenzi. Mabaki ya jinzi yanayopungua: yule mwanamke anatengenezewa viti vya kukalia. Chaki: mafundi wanapiga mistari. Dawa ya kuchua: harufu kali ya kufichia marashi ya mtu. Kila nilichonunua au kuiba kwa ajili ya mchezo wangu, kiweke kwenye mizani yoyote unayotaka, kilisomeka ghorofa. Hata mimi ningejifunga.

Hakunipigia kelele. Alituma watu waitwe.

Jumapili alasiri natoka stoo, jasho linanitiririka, nakuta sebule imejaa. Yupo kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mtu ambaye hasemi bila kukohoa kwanza. Yupo dada yangu wa tumbo moja, nikafurahi kumwona, nikakuta amekaa upande wa wifi yake. Na lipo sanduku.

Shemeji akakohoa. "Shemeji, kaa. Hatukuja kwa ugomvi. Tunataka utuambie mwenyewe, ghorofa limefika wapi?"

Nikacheka. Ndugu zangu, mkiulizwa swali kama hilo msicheke.

"Cheka," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama rula. "Ukimaliza uchukue sanduku. Mimi sikufukuzi, nakuhamisha tu. Mtu ana veranda inayotazama mashariki, anang'ang'ania nini kwenye nyumba ya bati?"

"Kaka, huna hata haya," dada yangu akadakia. "Ngazi ya kuzunguka! Na goti lako hilo?"

"Hakuna ghorofa!" nikasema. "Nilimdanganya yule bwana ili anipimie kwa kilo. Misumari naikunja."

"Unaikunja," shemeji akarudia.

"Kwa mikono yangu. Ni mazoezi."

Dada yangu akajifunika uso kwa mtandio. Shemeji akakohoa mara mbili, nikajua mambo yameharibika. "Hapo, shemeji, umetuvunjia heshima."

Nikaona dunia inavyoweza kumgeuka mtu. Nimesema uongo maisha yangu yote watu wakanikaribisha chai. Siku nimesema kweli, sanduku.

"Iko wapi basi hiyo uliyoikunja?" mke wangu akauliza.

"Nimeuza. Vyuma chakavu."

"Yote?"

"Yote. Nipate pesa ya kununua mingine."

"Ananunua mizima, anauza mibovu," dada yangu akasema, "anarudi kununua mizima. Hata wewe kaka, hebu jisikilize."

Nikakimbilia stoo, nikarudi na msumari pekee uliobaki. Pesa iliishia hapo. Shemeji akaupokea, akaugeuzageuza, akaunusa. "Huu amekwisha kuupika. Chuma kikilala kwenye moto kinalainika kama mshumaa. Tunamjua huyu. Harusini kwetu alitoa yai sikioni mwa kadhi."

"Na mimi alinitoa sarafu puani," dada yangu akaongeza, kana kwamba ameulizwa.

Mke wangu akainuka, akaingia chumba cha kushonea. Tukasikia koleo linauma, tukasikia ukuta unalia, tukasikia plasta inamwagika. Akarudi na msumari mrefu, mnene, mweusi, una vumbi la chokaa. Niliutambua. Ndio aliokuwa akitundikia mkasi wake mkubwa. Niliupigilia mimi, siku tuliyohamia nyumba hii, kabla hata hatujaingiza kitanda, kwa sababu alisema hawezi kulala mahali ambapo mkasi wake upo sakafuni.

"Huu hujaupika," akasema. "Haujatoka ukutani tangu ulipoupigilia. Kunja."

Niliupima kwa vidole. Misumari ya zamani haikufanyiwa ubahili wa chuma. Sikuwa nimewahi kukunja mnene kama ule, na sikuwa na wa kujaribia.

"Naomba kitambaa," nikasema.

Akanirushia vipande viwili vya jinzi. "Si unajua vilipo."

Nikavizungusha, kimoja ncha hii, kimoja ncha ile, nikavikaza. Nikauweka msumari chini ya kidevu, viwiko nje, nikaukamia. Hakuna kitu. Nikapumua, nikaukamia tena. Nikawa namsikia kinyozi anacheka kichwani mwangu. Shemeji akakohoa kile kikohozi cha kufunga kikao.

Nikageuza macho nisimwone, yakaangukia sanduku. Upande mmoja halikuwa limefungika vizuri, kola ya shati langu jeupe imechungulia nje. Ilikuwa imesimama. Mimi napenda kola iliyosimama, na kuisimamisha ni kazi: unatia wanga, unapiga pasi nje, unageuza, unapiga ndani. Mwanamke huyu aliamini nina ghorofa kwa mwanamke mwingine, ananihamishia huko, na bado alisimamisha kola ili nisiende kudharauliwa.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Msumari uliguna. Wakunja misumari mnajua mguno huo, hausikiki sikioni, unasikika kwenye mifupa ya mkono. Ukishaguna umekubali. Nikausukuma mpaka ukawa kama kiwiko, nikafumbata vidole, nikaubana kifuani kama mtu anayepasua nazi kwa viganja, nikaubana, nikaubana, mpaka ncha zikabakiza nafasi ya kidole.

Nikafungua vitambaa. Ulikuwa umekunjika.

"Amebadilisha," shemeji akasema hapohapo. "Alikuwa na mwingine mfukoni."

"Mikono yake miepesi," dada yangu akasema, ila safari hii sauti ilikuwa na shaka.

Nilikuwa nahema kama punda mlimani. Nikamnyooshea mke wangu. "Shika hapo ulipopinda."

"Kwa nini?"

"Shika tu, mama."

Akagusa, akarudisha kidole haraka. "Uuh! Una moto!"

"Chuma kikikunjwa kwa nguvu kinapata joto. Na hauna muda, unapoa sasa hivi. Ungetoka mfukoni usingekuunguza."

Akaunyoosha tena mkono, taratibu, akauchukua. Akauona mkwaruzo mdogo aliouacha yeye mwenyewe kwa koleo. Akaufumbata kiganjani, akausikiliza unavyopoa. Hakuna aliyekohoa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikainuka nusu, nikijua analia.

Alikuwa anacheka.

"Ghorofa zima," akasema. Machozi yanamtoka. "Ghorofa zima, na ngazi ya kuzunguka, kwa ajili ya bei ya kilo!"

Nikakaa chini. Sikukaa, nilianguka. Kama lori lililoshushwa mzigo wote mara moja, likainuka lenyewe kwenye springi zake; nimeyaona mengi, sikuwahi kujua yanajisikia hivyo.

"Kwa hiyo yule mwanamke hayupo?" dada yangu akauliza.

"Mwanamke gani?"

"Nilishaanza kumchukia." Akasikitika kidogo. Alikuwa amejipanga.

Shemeji akakohoa, akasema kikao kimepata majibu. Halafu akaomba ule msumari wangu wa stoo, ajaribu tu. Akavua koti. Akaukamia mpaka miwani ikadondoka kwenye chai. Tangu siku hiyo ananiita "bwana shemeji", ile "bwana" ni mpya.

Nguo nilizirudisha kabatini mwenyewe. Shati jeupe nilililaza juu.

Kesho yake tulikwenda wote dukani, mimi na mke wangu. Mwenye duka alipomwona mama aliyeuliza habari za veranda ameshikana mkono na Mzee Chumvi, penseli ilianguka.

"Ndiye mke," mke wangu akamsaidia. "Na huyu hajengi. Anakunja misumari."

Yule bwana akanitazama, akamtazama. Akainama mezani, akamnong'oneza kwa huruma ya kweli, "Mama, usikubali. Amekudanganya na wewe."

Basi ikabidi nikunje mwingine. Mnaona gharama ya ukweli? Uongo unausema mara moja, watu wanapita nao. Ukweli, kila asiyeamini anataka msumari wake. Nilimpa aushike ungali na moto. Akauhamisha mkono huu na ule kama mtu aliyepokea kiazi cha majivuni. Akaingia nyuma ya duka, akarudi anaburura debe. Lilikuwa limejaa misumari iliyonyeshewa, imeshika kutu juu juu, ambayo hakuna fundi anayeitaka.

"Chukua yote," akasema. "Inanilia nafasi. Ila Jumamosi uje ukunje mmoja mbele ya wateja."

Kutu kwangu si hasara. Msumari wenye kutu haukutelezi mkononi. Nikabeba debe langu begani mwenyewe, na mke wangu akabeba mkoba na tabasamu. Tukiwa mlangoni yule bwana akaita, "Mzee! Kusema kweli, lile ghorofa nililipenda. Nilishaanza kulifikiria rangi."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye msumari wa leo. Niliukunja kwa pumzi mbili, chai bado inafuka, nikampelekea. Mkasi mkubwa unaning'inia kwenye msumari mpya nilioupigilia. Ule wa zamani upo mezani pake, anauweka juu ya kitambaa kisipeperuke anapokata.

Akaushika huu wa leo hapo ulipopinda, akatikisa kichwa, akauweka pembeni. Akarudi kwenye mshono. Nilikuwa nimeshageuka nitoke aliposema, bila kuinua macho kwenye sindano:

"Hebu niambie. Lile ghorofa. Cherehani yangu ungeiweka wapi?"

Nikavuta kiti.

"Juu," nikasema. "Chumba cha kwanza ukimaliza ngazi. Dirisha kubwa, jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye sindano."

"Na goti langu, na hiyo ngazi ya kuzunguka?"

"Ngazi? Ngazi ni ya wageni. Wewe nilikuwekea mizani ya malori. Unasimama juu yake, ng'ombe wanabana pumzi, unapanda."

Cherehani ikasimama. Akacheka, akanisogezea kapu la jinzi kwa mguu.

"Endelea," akasema. "Lina vyoo vingapi?"